Chuma Kwenye Paja la Mzee Kilonzo

Nyinyi vijana mnaosomea kupiga picha za mwili mna bahati mbaya moja: mashine zenu zinajua mambo mengi mno. Mgonjwa analala, kitanda kinaingia kwenye tundu, na baada ya muda mfupi mnaona damu inavyokimbia ndani ya kichwa chake, huku nyekundu, kule buluu, na mahali mshipa ulipoziba ni giza. Mnakunywa chai mkingoja kompyuta imalize. Nikiwatembelea kazini naona mnaujua ubongo wa mtu kabla hamjajua jina lake. Mmoja wenu aliniambia juzi, tena kwa fahari, kwamba wiki nzima hakuwa amemgusa mgonjwa hata mmoja. Nilimpongeza, nikamshauri aende akauze simu.

Nilifanya kazi hii tangu mwanzo wa miaka ya sabini mpaka mwisho wa miaka ya tisini. Kitui kwanza, halafu Nairobi kidogo, mwishowe Makueni. Watu waliniita Sista, ingawa sikuwa nesi. Kwetu mwanamke yeyote mwenye koti jeupe ni Sista, na mwanamume yeyote mwenye koti jeupe ni daktari, hata kama amekuja kuziba bomba. Fundi wetu wa bomba pale Kitui alichoka kuwakatalia watu. Siku moja mama mmoja wa Matinyani alimshika mkono akamweleza maumivu yake ya kichwa mwanzo hadi mwisho, naye akamwambia anywe maji mengi na apunguze hasira. Mama alirudi baada ya mwezi kumshukuru, amembebea kuku.

Mnaniuliza zamani tulipimaje afya ya mishipa ya ubongo. Tulibahatisha, wanangu. Tulikuwa na mashine ya presha, ile ya zebaki, na siku ya kliniki tuliwapima watu kwa foleni. Mwezi wa saba, baridi kali, akina mama wanashuka vilima vya Kilungu wamevaa sweta tatu na leso juu yake. Kuvua mbele ya watu ni aibu, kwa hiyo mkanda ulifungwa juu ya sweta. Tulikuwa tunapima presha ya sufu. Wengine walikuwa wametembea tangu alfajiri na hatukuwapa hata dakika tano za kupumzika, basi wote walionekana kama wamefukuzwa na fahali. Na dawa je? Walizimeza siku ya kliniki peke yake. Nilimuuliza mzee mmoja kwa nini, akanishangaa.

"Nimemeza leo asubuhi, ndio daktari azipate ndani," aliniambia. "Nikimeza kila siku si zitaisha?"

Kama mtu alishukiwa kuwa na kiharusi, daktari alimwambia atoe ulimi, ainue mikono yote miwili, kisha acheke. Hiyo ndiyo ilikuwa mashine yetu ya ubongo. Tulikuwa na daktari kijana, Mzungu, amefika tu juzi, akamwambia mzee wa ukoo acheke. Mzee alimtazama. Mtu mwenye wajukuu ameambiwa na mtoto aonyeshe meno bila sababu. Hakucheka, na hakuna mahali popote katika Ukambani ambapo angecheka. Daktari akaandika kwamba uso umepooza pande zote mbili, ugonjwa nadra sana, akaomba ruhusa aandike habari zake kwenye jarida la kwao. Tulimwondoa mzee kitandani wakati daktari ameenda kula.

Msidhani nawacheka wengine tu. Aliyenifundisha kazi Kitui alikuwa Bwana Muthiani, mtu mfupi, mkali, vidole vyake vimekuwa kahawia kwa dawa za chumba cha giza tulimooshea filamu. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga picha ya kichwa cha mwanamke aliyeanguka. Nilipoitoa filamu kwenye maji nikaona misumari minne imemwingia kwenye fuvu. Nilipiga yowe. Nilikimbia na filamu ikidondosha maji kwenye korido nzima, nikawaita madaktari wawili na matroni, na mmoja wao akaanza kuulizia gari la kumpeleka Nairobi. Bwana Muthiani alikuja polepole, akamfungua yule mama kilemba, akachomoa vibanio vinne vya nywele akaniwekea mkononi.

Alinicheka wiki nzima, akawasimulia hata wauza maziwa getini. Halafu siku moja akaniambia bila kucheka, "Wewe uliangalia filamu. Hukuangalia mtu. Picha inaanza kwa mlango, mtu akiingia. Angalia vile anatembea, vile anakaa, na nani anamjibia."

Niliitikia ndiyo. Wakati huo nilikuwa hodari sana wa kuitikia ndiyo.

Baadaye nilipelekwa Nairobi kujifunza jinsi ya kupiga picha ya mishipa ya ubongo yenyewe, maana eksirei ya kawaida haiionyeshi damu kabisa. Njia ilikuwa ni kumdunga mgonjwa sindano kwenye mshipa mkubwa wa shingo na kusukuma dawa inayoonekana kwenye filamu. Daktari anasukuma, anapaza sauti, na sisi wawili tunachomoa sahani za filamu kwa mikono, moja baada ya nyingine, kama tunaopua mikate kwenye tanuri inayoungua. Ukichelewa kidogo, dawa imeshapita, mgonjwa amedungwa bure. Mgonjwa mwenyewe yuko macho, anahisi kichwa kinawaka moto. Wengine walikuja kuchunguzwa kama wana hatari ya kiharusi, wakakipatia pale pale mezani. Tuliiita hiyo maendeleo, na kwa kweli ilikuwa maendeleo.

Sasa nije kwenye sumaku. Mwanzoni mwa miaka ya tisini hospitali moja ya binafsi Nairobi ilileta MRI, mashine ya kupiga picha kwa sumaku, na serikali ikaombwa itoe watu wa kujifunza. Nilichaguliwa mimi, si kwa akili, ila kwa sababu mkuu wangu alikuwa anaitamani sana ofisi yangu, iliyokuwa na dirisha upande wa kivuli. Nikaenda mwaka mmoja.

Mkuu wa chumba cha sumaku alikuwa Bi Halima, mwanamke wa Garissa, mtulivu, mtu asiyerudia neno. Alinieleza jinsi mashine ile inavyoona damu bila sindano ya shingo, na tangu siku hiyo sijasikia maelezo bora zaidi, hata kwenye vitabu vyenu vinene. "Nyama ya ubongo imekaa mahali pamoja," alisema. "Mashine inaipigia kelele mpaka inachoka kujibu. Damu ni mgeni. Imeingia sasa hivi, haijachoka, inajibu kwa nguvu. Kwa hivyo damu inayotembea inang'aa, na mahali haitembei unaona giza." Ukitaka kujua upande gani wa ubongo unapata damu kwa kuchelewa, unaingiza dawa kwenye mshipa wa mkono na kutazama inafika wapi kwanza. Nilikaa pale nikakumbuka zile sahani za filamu, nikasikia uchungu kwa ajili ya wale watu wote tuliowaunguza vichwa.

Halafu akanipa onyo. Sumaku ile hailali. Hata mashine ikiwa haipigi picha, inavuta. Chuma kikiwa mfukoni kitatoka kwa kasi, na kikiwa ndani ya mwili kitajaribu kutoka pia. Kwa hiyo kulikuwa na fomu. Je, una betri ya moyo? Una risasi? Una pini kwenye mfupa? Umewahi kufanya kazi ya kuchonga chuma, chembe zikaingia jichoni? Fomu ilikuwa imeandikwa Ulaya. Nilipewa kazi ya kuitafsiri kwa Kikamba, na niliifanya kwa ustadi. Nilitafsiri betri ya moyo kwa mistari mitatu, kwa faida ya watu ambao hawakuwa wameona hata betri ya tochi ikikaa mwezi. Wala sikuongeza swali hata moja. Babu yangu mzaa baba alikuwa mfua mishale. Nilikulia kwenye moshi wa kiwanda chake, nikajua jinsi kichwa cha mshale wetu kinavyotengenezwa ili uti ung'oke na chuma kibaki kwenye nyama. Na bado nikawauliza wazee wa Ukambani kuhusu betri ya moyo.

Mzee Kilonzo alikuwa mzee wa kanisa kutoka Tawa, mwuza mbegu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha mvua. Alichechemea mguu wa kulia, na kila mtu alijua sababu. Shangazi yangu aliolewa Tawa, kwa hiyo ushuhuda ule niliusikia si chini ya mara tatu. Akiwa kijana mpotevu alipanda kwenye mwamba, akafunga na kuomba siku tatu, akashindana na Bwana kama Yakobo alivyoshindana, na Bwana akamgusa paja. Alishuka akiwa ameokoka na anachechemea. Watu waliokoka kwa ushuhuda ule. Shangazi yangu ni mmoja wao.

Sasa alikuwa na shida nyingine. Mara tatu kikombe kilimponyoka mkono wa kulia, na maneno yakampotea kwa robo saa, kisha yakarudi. Siku moja yalimpotea madhabahuni, na waumini wakadhani ananena kwa Roho. Daktari wa Makueni hakudhani hivyo. Alimwambia hayo ni maonyo: kuna mshipa unazibika, shingoni au kichwani, na ni lazima ujulikane ni upi kabla haujaziba kabisa. Ukiwa wa shingoni unaweza kupasuliwa ukasafishwa. Usipojulikana, atapooza au atakufa. Kanisa likachanga, wakamleta kwetu kwenye sumaku.

Alikuja na mkewe, Mama Wambua, mwanamke mdogo asiyesema sana, na Pasta Musyoki, kijana mchangamfu mwenye koti kubwa kumzidi. Niliwauliza maswali ya fomu wote watatu wakiwa wamesimama mbele yangu. Mtajifunza siku moja kwamba hapo ndipo nilipokosea.

"Uko na risasi kwa mwili, Mzee?"

"Aiee, hapana."

"Pini ya mfupa? Chuma chochote ndani ya mwili?"

Alimtazama Pasta kabla ya kunijibu. "Chuma nitoe wapi, Sista? Mimi ni mtu wa Mungu."

Nikatia alama. Nikamwambia atoe vilivyo mfukoni. Zikatoka funguo, shilingi, mshipi, na mwisho kabisa, kwa shida, kakopo kadogo ka ugoro. Mzee wa kanisa! Mhubiri dhidi ya tumbaku! Pasta Musyoki aliinua macho akaichunguza dari kwa makini sana. Mama Wambua alinyoosha mkono, akachukua kale kakopo, akakatumbukiza kifuani pake bila neno, na ilionekana wazi kwamba haikuwa mara ya kwanza. Mimi niliuma mdomo nisicheke. Nilidhani siri ya siku hiyo nimekwisha kuiona, kwa hiyo sikutafuta nyingine. Nilimwona akichechemea kuelekea chumbani, nikamwona kabisa, na mimi mtu wa sayansi nikamkumbuka Yakobo.

Kwenye picha ya kichwa mtu huingia kichwa kwanza. Paja linakuja kukaa karibu na mdomo wa tundu, na pale mdomoni ndipo mvuto unapobadilika kwa nguvu zaidi. Kitanda kilianza kuingia. Mzee akaanza kuimba wimbo wa tenzi kwa sauti kubwa, nasi tukatabasamu nyuma ya kioo, maana wengi huimba. Halafu wimbo ukapanda, ukapinda, ukawa si wimbo tena bali mtu anayejizuia kulia. Mkono wake ulikuwa umelikamata paja kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Bi Halima alisimamisha kitanda na kukirudisha nyuma kabla sijafungua mdomo.

"Endelea," Mzee alisema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Hakuna kitu. Endelea tu."

"Mguu una nini?"

"Hakuna kitu."

Tulimpeleka chumba cha kubadilishia nguo. Mkewe na Pasta walikuwa wanangoja mbali, upande wa mapokezi. Nilifunga mlango, nikakumbuka mishale ya babu, nikamwuliza kwa Kikamba, taratibu, nani alimpiga mshale. Aliangalia mlango kama umefungwa kweli. Kisha akaniambia.

Kabla ya kuokoka alikuwa akiwinda tembo kuelekea Tsavo, pamoja na rafiki yake aliyeitwa Ndambuki. Siku moja Ndambuki alivuta upinde, na Kilonzo akainuka kutoka majanini wakati usiofaa. Uti ulichomoka, kichwa cha mshale kikabaki ndani ya paja. Kilichomwokoa ni kwamba sumu ya mshale ilikuwa kuukuu, imekauka. Ndambuki alimbeba mgongoni mpaka nyumbani, mwendo wa siku mbili, akiwakwepa askari wa wanyama. Hospitali hawakuweza kwenda, kwa sababu mganga angeuliza mlikuwa mnawinda nini. Kidonda kikajifunga juu ya chuma.

"Na Yakobo?" nilimwuliza.

"Sikusema mimi, Sista. Niliokoka kweli, hiyo ni kweli. Siku tatu kwa mwamba ni kweli. Sasa nikashuka, mama mmoja akaona vile natembea, akapiga nduru, akasema, 'Ameguswa kama Yakobo!' Watu wakaimba. Mimi nikanyamaza. Wiki ingine wakaniambia nisimulie." Alipangusa uso kwa kiganja. "Iko miaka zaidi ya thelathini. Sasa nirudi nyuma niwaambie nini?"

"Na Ndambuki yuko wapi?"

"Huyo ni mlevi. Hatusalimiani."

Nilikasirika, nakiri. Mtu amebebwa siku mbili mgongoni na hamsalimii aliyembeba. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, ule wa kulia ukiwa dhaifu, akiniomba kitu kimoja. Kanisa limechanga. Pasta yuko hapo nje, atataka kujua kwa nini picha haikupigwa. "Andika mashine imeharibika," aliniambia. "Nakuomba kama baba yako."

Bi Halima alikuwa ameniambia niandike ripoti sawasawa, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Aliniamini. Nikakaa kwenye meza yake, nikaandika kwamba uchunguzi haukukamilika kutokana na hitilafu ya mashine. Nikatia sahihi na muhuri. Nilimwonya Mzee kwa mdomo asiingie tena kwenye sumaku maisha yake yote, maana chuma kile huenda kilikuwa karibu na mshipa mkubwa wa paja na kingeweza kuukata. Alinibariki kwa maombi marefu. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mwema, mtoto wa Ukambani anayejua kuwastahi wazee, si kama hawa wa fomu za Ulaya.

Mwaka wangu ukaisha, nikarudishwa Makueni. Kila nilipokutana na yule daktari aliyemtuma Mzee nilipanga kumwambia, na kila mara nikaahirisha. Ningeanzia wapi? Ningesema nilidanganya kwenye karatasi? Basi nilimwuliza habari za mvua.

Asubuhi moja daktari huyo alipita ofisini kwangu. "Ule mzee wako wa Tawa amepooza," alisema. "Upande wote wa kulia, na hawezi kuongea. Familia wamempeleka Nairobi jana. Leo saa nne anaingia kwa sumaku."

Niliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa inakaribia saa nne.

Simu ya ofisi ilikuwa na kufuli kwenye kile kiduara cha kuzungushia namba, na ufunguo alikuwa nao karani, na karani alikuwa sokoni akitafuta mbuzi. Nyinyi hamjui mambo haya, kwa hiyo nitawafundisha: kufuli la simu lilikuwa la kuwazuia wajinga. Unainua mkono wa simu, halafu unagonga kwa kidole kile kidude cha kuulaza, mara mbili kwa namba mbili, mara tisa kwa namba tisa, mara kumi kwa sifuri, na kati ya namba na namba unatulia kidogo. Ukiharakisha hesabu inapotea. Mara ya kwanza nilimpata mwenye bucha. Mara ya pili nikampata yule yule, akaniuliza kama sasa nimeamua kununua nyama. Mara ya tatu ikaitikia sauti ya Kioko, kijana aliyechukua nafasi yangu.

"Sista, niko na mgonjwa kwa kitanda, nikupigie baadaye?"

"Ni Mzee wa Tawa?"

"Eh, ndiye. Bi Halima yuko likizo, tunamwingiza."

"Mtoe! Ana kichwa cha mshale kwa paja."

"Lakini mke wake amesema hana chuma. Na ripoti yako ya kwanza iko hapa, inasema ni mashine iliharibika."

"Kioko, mtoe kwanza. Halafu urudi unitukane."

Nikasikia simu ikiangushwa mezani na viatu vikikimbia. Nilikaa nimeshika ule mkono wa simu sikioni mpaka aliporudi kuniambia amemtoa, na kwamba Mzee alikuwa ameshaingia mpaka kifuani. Kisha hakunitukana. Aliniuliza tu kwa adabu kama kuna ripoti nyingine zangu za aina hiyo.

Kesho yake nilienda Nairobi. Mzee alikuwa wodini, upande wa kulia umelala, mdomo umevutwa, macho yake mazima kabisa. Niliwaita Mama Wambua na Pasta Musyoki nje ya mlango. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima jinsi ya kuwaambia kwa upole. Nikawaambia kwamba nilidanganya kwenye ripoti, kwamba Mzee ana chuma pajani, kwamba ni mshale, na kwamba wanisamehe kwa kufichua aibu ya mtu asiyeweza kujitetea.

Mama Wambua alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "hiyo chuma naijua kuliko wewe. Nimeikanda na mafuta kila wakati wa baridi tangu nilipoolewa."

"Sasa mbona ulimwambia Kioko hana chuma?"

"Pasta alikuwa amesimama hapo."

Pasta Musyoki alikohoa. "Sista," alisema, "hata mimi najua. Tawa yote inajua. Ndambuki amesimulia hiyo mambo kwa kilabu tangu mimi nikiwa darasa la pili. Anaonyesha mpaka vile alimbeba."

"Na mnapiga makofi ushuhuda ukitolewa?"

"Tunamheshimu. Nani atamwambia Mzee kwamba tunajua?"

Nilishindwa kujizuia, nikapaza sauti pale koridoni mpaka nesi akatoka kutazama. Nikawauliza kama wangekaa pale kwa heshima zao wamtazame akichinjwa na sumaku.

Mama Wambua hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini si mlisema hiyo mashine inaona ndani ya mtu?" aliniuliza. "Mimi nilifikiri itaona yenyewe."

Jioni, kabla sijaondoka, daktari wa Makueni alinipigia simu hapo wodini. Nilikuwa nimemwambia kila kitu asubuhi kabla ya safari. Alikuwa ametafakari mchana kutwa, na sasa aliongea polepole. Alisema kama angejua Mzee hawezi kuingia kwenye sumaku, angemtafutia njia nyingine ya kutazama mshipa wa shingo wiki ile ile, hata ile ya zamani ya sindano. Hakumtafutia, kwa sababu karatasi ilisema mashine ni mbovu. "Miezi yote hii," alisema, "nilikuwa nangoja mtuambie mashine imepona."

Nilirudi kitandani nikakaa karibu na Mzee Kilonzo. Nilimwambia, kwa sababu nilidhani ni haki yake kujua, kwamba watu wake wote wanajua habari za mshale, na wamejua siku zote, na hawajamdharau. Machozi yakaanza kumtoka, yakashuka upande mmoja yakikimbia na upande mwingine yakijikusanya kwenye mdomo uliolegea. Alijaribu kusema. Ilitoka sauti tu, mara moja, mara mbili, kisha akaacha.

Mama Wambua alimpangusa kwa ncha ya leso. "Usilie," alimwambia. "Hakuna mtu alikuwa anakudanganya kwa ubaya."

Nilitaka kusema vivyo hivyo, wanangu, nikashindwa. Ushuhuda wake ulikuwa wa mdomo tu, kama ulivyokuwa ule wa mkewe na wa Tawa nzima. Kati ya uongo wote uliosemwa juu ya paja lile, ni mmoja tu daktari alioutegemea, na huo ulikuwa na sahihi yangu na muhuri.